Mkongwe asiye na timu: faida au mzigo?

MSIMU wa ligi unapofika katikati na timu ikawa mkiani, viongozi wake jijini Mwanza huwa na safari moja wanayoijua vizuri. Hushika barua yenye muhuri wa klabu, wakapita Mtaa wa Rwagasore, wakaingia Makoroboi na Soko Kuu, na katika kila duka wakaeleza jambo lile lile: yupo mchezaji mkongwe, mkataba wake umekwisha, hana timu, na akija ataiokoa klabu. Kinachotakiwa ni mchango tu.

Hoja yao huwa nyepesi kueleweka. Mchezaji huyo hana ada ya uhamisho kwa kuwa hakuna klabu inayommiliki. Jina lake linajulikana. Amecheza ngazi za juu kuliko vijana wote walio kwenye kikosi. Kwa nini timu inayozama isimchukue?

Kwa mfanyabiashara, swali hilo halipaswi kujibiwa kwa mapenzi ya timu. Ni swali la ununuzi kama ununuzi mwingine. Mwenye mtumbwi anayenunua injini iliyokwisha kutumika anajua kwamba bei aliyotajiwa siyo gharama yote. Kuna vipuri, kuna fundi, kuna mafuta, na kuna siku injini itakapozimika katikati ya ziwa. Mchezaji mkongwe naye ana bei ya kumchukua na ana gharama ya kuwa naye. Mambo hayo mawili yakichanganywa, klabu huingia kwenye deni na mchangiaji haoni fedha yake ilikokwenda.

Katika mpira wa kikapu, Watanzania wana mfano ambao wengine wangeutafuta mbali. Mfano huo ni Hasheem Thabeet.

BEI ILIVYOPANDA NA KUSHUKA

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kucheza kikapu akiwa na umri wa kama miaka 15, akaenda Marekani kwa masomo na hatimaye akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Ana urefu unaozidi mita 2.2. Katika msimu wake wa tatu na wa mwisho chuoni, 2008/09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6 na ribaundi 10.8 kwa mchezo, na alizuia mitupo 4.2 ya wapinzani kwa kila mchezo. Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchukua akiwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA. Aliyemtangulia ni Blake Griffin. Waliochukuliwa baada yake ni pamoja na James Harden, aliyekuwa wa tatu, na Stephen Curry, aliyekuwa wa saba.

Nafasi ya pili katika uteuzi huo ilikuwa na mshahara wa zaidi ya dola milioni 4 kwa mwaka. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya sokoni, na ilipangwa kwa matumaini ya baadaye, maana kazi yenyewe ilikuwa bado haijafanyika. Kazi ilipoanza, katika msimu wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 3.1 na ribaundi 3.6, na Februari 2010 Memphis ikampeleka kwa muda katika ligi ya maendeleo, ngazi iliyo chini ya NBA. Februari 2011 akauzwa Houston, Machi 2012 akapelekwa Portland, na Julai 2012 akaingia Oklahoma City kwa mkataba mdogo zaidi. Mpaka anatoka NBA mwaka 2014 alikuwa amecheza michezo 224 kwa wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7.

Wanaofuatilia masoko wataitambua hali hii mara moja. Mali iliyonunuliwa kwa bei ya juu ilishindwa kuleta mapato yaliyotarajiwa, na soko likairekebisha bei. Lakini kushuka kwa bei hakukuwa na maana kwamba mali yenyewe haina thamani. Mtu mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2 anayejua kusimama chini ya kikapu hawezi kukosa kazi kabisa. Kilichokuwa kikitafutwa ni soko linalolingana naye na bei inayolingana na kazi.

YOKOHAMA ILIPOKUWA TAABANI

Mwaka 2017, baada ya kukaa nje ya uwanja kwa muda mrefu, Thabeet aliyekuwa na umri wa miaka 30 alichukuliwa na Yokohama B-Corsairs ya Japani. Hapa ndipo penye funzo kwa klabu ndogo. Yokohama haikuwa timu tajiri inayoongeza nakshi. Msimu wa 2016/17 ilikuwa imenusurika kushuka daraja kupitia mechi za mchujo. Kwa maneno mengine, ilikuwa timu taabani iliyokwenda sokoni kutafuta mkongwe asiye na mkataba, jambo lile lile ambalo viongozi wa klabu za Mwanza huliombea mchango.

Matokeo yake? Yokohama ilibaki daraja la kwanza, lakini haikuondoka mkiani. Mwisho wa msimu wa 2017/18 ilijikuta tena kwenye mechi za kuwania kubaki, na ikabaki. Haiwezekani kusema kwamba usajili ule ulikuwa kosa, na wala haiwezekani kusema kwamba ulileta miujiza. Timu iliyokuwa na udhaifu sehemu nyingi iliziba sehemu moja.

Baada ya hapo Thabeet alirudi Marekani kwa muda mfupi mwaka 2020 katika timu ya Fort Wayne Mad Ants, akaenda Taiwan kucheza na Hsinchu Lioneers na baadaye Tainan TSG GhostHawks. Mwaka 2025, akiwa na miaka 38, alikuwa katika kikosi cha Dar City ya Dar es Salaam kilichocheza mechi za kufuzu Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL. Dar City ilifuzu kwa msimu wa 2026, ikiwa klabu ya kwanza ya Tanzania kufika huko.

Tofauti ya Yokohama na Dar City ndiyo ya kuangaliwa. Dar City haikumtegemea mkongwe mmoja kuibeba. Ilijenga kikosi kizima, ikaleta wachezaji wengine wenye uwezo, na Thabeet akawa sehemu ya hesabu hiyo. Kwa timu yenye msingi, mkongwe huongeza. Kwa timu isiyo na msingi, mkongwe huchelewesha tu siku ya hukumu.

MWANA WA MWANZA NA YANGA YA 2018

Kwa wale ambao kikapu hawakifuatilii, soka lina mfano ulio karibu zaidi na Nyamagana. Mrisho Ngassa, mzaliwa wa Mwanza na mtoto wa Khalfan Ngassa aliyewahi kuichezea Pamba, alianza kuonekana akiwa na Toto Africans kabla ya kwenda Kagera Sugar, Yanga, Azam na Simba, kisha akatoka kwenda Afrika Kusini na Oman. Aliporudi alipita Mbeya City na Ndanda. Mwaka 2018 Yanga ikamrudisha.

Yanga ya mwaka huo haikuwa Yanga ya fedha. Mwenyekiti wake, Yusuf Manji, alikuwa amejiuzulu Mei 2017, na klabu ikaingia kwenye ukata uliojulikana na kila mtu. Wachezaji muhimu waliondoka. Katika msimu wa 2017/18 timu ilimaliza ya tatu. Kocha Mwinyi Zahera alipewa kikosi cha kuunga unga, wakiwamo vijana, wageni wa bei nafuu, na mkongwe kama Ngassa aliyeijua klabu na kujulikana na mashabiki.

Msimu wa 2018/19 Yanga ilimaliza ya pili kwa pointi 86, nyuma ya Simba yenye 93. Kwa haraka mtu anaweza kusema pointi zimepanda kutoka 52 hadi 86. Lakini hesabu hiyo ina kasoro, kwa sababu ligi iliongezwa kutoka timu 16 hadi 20. Msimu wa kwanza Yanga ilicheza mechi 30 na wa pili mechi 38. Ukigawanya, timu ilitoka pointi 1.73 kwa mechi hadi 2.26. Ni maendeleo makubwa kwa klabu iliyokuwa ikichangiwa na wanachama wake.

Je, ni Ngassa aliyeleta hayo? Mfungaji mkuu wa Yanga msimu ule alikuwa Heritier Makambo kutoka Kongo, mwenye mabao 17. Ngassa alikuwa mmoja wa waliosaidia, akiwa na uzoefu wa ligi na jina la kuwafanya mashabiki waendelee kuja. Na ubingwa haukurudi mwaka ule wala uliofuata. Ulirudi msimu wa 2021/22, wakati klabu ilikuwa imepata wadhamini wenye nguvu na imeacha kuishi kwa harambee. Wakati huo Ngassa hakuwapo tena, kwani aliondoka mwaka 2020.

Kwa mfanyabiashara funzo ni hili: mkongwe aliinunulia Yanga muda. Kilichoitoa shimoni ni kupatikana kwa chanzo cha fedha kinachojirudia kila mwezi.

MWANZA IMEWAHI KULIPA ADA HII

Jiji hili halihitaji kuhubiriwa kuhusu klabu zinazokufa. Pamba, timu iliyolelewa na sekta ya zao lenye jina lake, ilikuwa miongoni mwa timu zenye heshima nchini katika miaka ya 1980 na 1990. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, mashirika na vyama vilivyokuwa nguzo ya zao hilo vilipungukiwa nguvu, na timu iliyoegemea mfuko mmoja haikuwa na pa kushika. Ilitoka Ligi Kuu na kukaa nje kwa zaidi ya miaka 20.

Toto Africans ilishuka mwaka 2017. Mbao FC ikashuka mwaka 2020. Gwambina ya Misungwi ikashuka mwaka 2021. Kila timu iliposhuka, hasara haikuishia uwanjani. Siku ya mechi kubwa Kirumba, mama ntilie, mwenye bodaboda, mwenye nyumba ya wageni na muuza maji hupata chao. Mechi zikiondoka, mapato hayo nayo huondoka.

Pamba ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 ikiwa na jina la Pamba Jiji. Mwanzo wake ulikuwa wa kusuasua. Oktoba 2024 iliachana na kocha Goran Kopunović, ikamchukua Fred Felix Minziro, kocha anayeijua ligi ya nyumbani, na timu hiyo ikabaki Ligi Kuu. Inafaa kuona kwamba uzoefu wa kwanza ulionunuliwa ulikuwa wa benchi la ufundi. Mchezaji mkongwe hutumika kwa dakika chache za mechi. Kocha mkongwe hutumika kila siku ya mazoezi, kwa kikosi kizima.

KIKAPU SI SOKA

Hata hivyo, haitakuwa haki kuyachukua mafunzo ya soka na kuyabandika kwenye kikapu bila kupima. Kuna tofauti ya hesabu ambayo viongozi wa timu za kikapu wanayo haki ya kuitumia katika kuomba mchango.

Katika soka, wachezaji 11 hucheza dakika 90. Jumla ni dakika 990 za kazi. Mchezaji mmoja aliyecheza mechi nzima ametoa karibu asilimia 9 ya kazi hiyo. Katika kikapu, kwa kanuni za shirikisho la dunia FIBA, wachezaji watano hucheza dakika 40, yaani dakika 200 kwa jumla. Mchezaji mmoja akicheza mwanzo hadi mwisho ametoa asilimia 20. Mtu mmoja mzuri katika kikapu ana uzito mara mbili na zaidi ya mtu mmoja mzuri katika soka.

Lakini mkongwe hachezi dakika 40. Mtu wa miaka 35 au 38 akipewa dakika 20 amepewa nyingi, na hapo mchango wake ni asilimia 10 ya kazi ya timu. Asilimia 90 iliyobaki itafanywa na vijana wale wale waliokuwa wakifungwa kabla hajaja. Kama vijana hao hawafanyi mazoezi kwa sababu hawana nauli, usajili huo haujagusa tatizo.

Kwa upande mwingine, ziko kazi ambazo umri hauzipunguzi haraka. Mbio na kuruka hupungua. Urefu haupungui, na kujua mahali pa kusimama, kutoa pasi kwa wakati, kutulia zikibaki sekunde chache na kuwaelekeza wengine huweza hata kuongezeka. Ndiyo maana mkongwe anayefaa kwa timu ndogo mara nyingi ni senta au mpangaji wa mchezo. Mkongwe aliyeishi kwa mbio zake huwa amemaliza mtaji.

MFANO WA HESABU

Ili jambo lieleweke, tuchukue timu ya kikapu ya kufikirika hapa Nyamagana, inayofanya mazoezi kwenye kiwanja cha wazi kama kile cha Mirongo. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila klabu iweke zake.

Msimu una miezi mitano na mechi 20, kati ya hizo 10 ni za nyumbani. Mkongwe anataka shilingi 1,500,000 za usajili na mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi, yaani 2,000,000 kwa msimu. Chumba ni shilingi 100,000 kwa mwezi, yaani 500,000. Nauli na matibabu ni 500,000. Jumla ni shilingi 4,500,000.

Kiongozi anayeomba mchango hutaja ile 1,500,000 ya kwanza. Mchangiaji anapaswa kuuliza kuhusu 3,000,000 zilizobaki.

Gawanya 4,500,000 kwa mechi 10 za nyumbani, unapata shilingi 450,000 kwa kila mechi. Kama kiingilio ni shilingi 1,000, mkongwe huyo lazima alete watazamaji 450 zaidi ya wale wanaokuja kila siku, na lazima waje mechi zote kumi. Kama kiingilio ni 2,000, lazima alete 225. Na kama kiwanja hakina uzio wala mlango wa kukusanyia fedha, hata wakija 1,000 klabu haitapata kitu zaidi ya makofi.

Sasa tazama fedha hizo hizo zikitumiwa namna nyingine. Nauli ya vijana 12, kila mmoja shilingi 2,000 kwa siku ya mazoezi, siku tatu kwa wiki, wiki 20, ni shilingi 1,440,000. Mipira 10 kwa 90,000 ni 900,000. Posho ya kocha ya 150,000 kwa mwezi, miezi mitano, ni 750,000. Jumla ni 3,090,000, na inabaki 1,410,000 ya safari. Fedha hizi hazinunui jina la kuandikwa gazetini. Zinanunua asilimia 90 ya kazi.

Msomaji anaweza kuhitimisha kwamba basi mkongwe asichukuliwe. Haraka hiyo haifai pia. Kuna mapato yasiyoingia mlangoni. Mdhamini anayekataa kutia fedha kwenye timu isiyojulikana anaweza kukubali akisikia jina. Kijana wa SAUT kule Malimbe anayefikiria kuacha kikapu anaweza kubaki akijua atafundishwa na mtu aliyecheza ng'ambo. Faida hizo ni za kweli, ila zinapatikana tu kama klabu imejipanga kuzikusanya kabla mchezaji hajashuka kwenye basi.

WENZETU WANAVYOGAWANA GHARAMA

Hata ligi tajiri zina tatizo hili. Katika NBA, mshahara wa chini kabisa hupanda kadiri mchezaji anavyoongeza miaka ya kazi. Matokeo yake, timu inayotafuta mchezaji wa mwisho wa kikosi ingependelea kijana kwa sababu ni rahisi, na wakongwe wangekosa ajira. Ligi ikaweka utaratibu: timu ikimsajili mkongwe kwa mshahara wa chini wa mwaka mmoja, yenyewe hulipa kiasi sawa na cha mchezaji mwenye miaka miwili, na kinachozidi hulipwa na ligi. Hivyo uzoefu unabaki uwanjani bila timu moja kubeba mzigo wote.

Vyama vya mikoa vya kikapu hapa nchini havina fedha za namna hiyo. Lakini wazo la kugawana gharama linaweza kutumika. Chuo au shule inayotaka mwalimu wa michezo inaweza kulipa sehemu ya mshahara wa mkongwe asubuhi, na klabu ikalipa sehemu yake jioni. Kampuni inayotaka jina lake kwenye jezi inaweza kulipia chumba.

UHURU WA MKATABA UTHIBITISHWE

Neno "mchezaji huru" lina historia. Barani Ulaya lilipata nguvu Desemba 15, 1995, Mahakama ya Ulaya ilipomwamulia Mbelgiji Jean-Marc Bosman kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba anaweza kwenda klabu nyingine ya nchi za umoja huo bila klabu ya zamani kudai ada. Tangu hapo sehemu ya fedha iliyokuwa ikienda kwa klabu ilihamia kwa mchezaji mwenyewe. Ndiyo maana mchezaji huru hudai fedha nzito za kusaini. Hakuna cha bure hapo, aliyebadilika ni mpokeaji tu.

Jambo la pili ni kuthibitisha kwamba kweli yuko huru. Ngassa huyo huyo, mwaka 2013 alipokwenda Yanga huku Simba ikidai bado ina mkataba naye, Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, lilimfungia mechi sita na kumtaka ailipe Simba shilingi milioni 45. Katika kikapu, mchezaji anayetoka nchi nyingine anahitaji barua ya kuruhusiwa kutoka shirikisho la nchi alikocheza mwisho. Timu inayomleta mtu kutoka Nairobi, Kampala au Bujumbura bila barua hiyo inaweza kumlipa akae benchi akiwa amevaa suti.

MASHARTI YA MCHANGIAJI

Mwenye duka aliyeombwa mchango ana nguvu kuliko anavyodhani. Kabla ya kutoa anaweza kudai mambo matano yaandikwe.

Kwanza, bajeti ya msimu wote, siyo ya siku ya kusaini. Pili, cheti cha daktari baada ya kupimwa magoti, vifundo vya miguu na mgongo. Hospitali ya Bugando iko mjini, hakuna sababu ya kukisia. Tatu, barua ya kuruhusiwa na nakala ya mkataba. Nne, kazi ya mkongwe nje ya mechi: ni siku ngapi kwa wiki atafundisha vijana, na vijana gani. Tano, mpango wa fedha baada ya yeye kuondoka.

Malipo yenyewe yanaweza kupangwa upya. Katika mfano wetu, badala ya 1,500,000 za usajili na 400,000 kwa mwezi, klabu inaweza kutoa 500,000 za usajili, nusu mwanzoni na nusu mwishoni, mshahara wa 300,000, posho ya 40,000 kwa kila mechi aliyocheza, na 100,000 kwa mwezi kwa kufundisha vijana. Akicheza mechi zote 20 atapata 3,300,000, pungufu kidogo ya 3,500,000 alizotaka. Akicheza mechi nane tu, klabu itakuwa imelipa 2,820,000, na vijana watakuwa wamefundishwa miezi mitano. Hatari imegawanywa pande mbili.

Upande wa mchezaji nao usisahauliwe. Mkongwe anauza miaka yake ya mwisho ya kazi. Hana muda wa kusubiri mshahara wa miezi mitatu iliyopita, na goti likivunjika akiwa na timu isiyo na bima, yeye ndiye atakayebaki nalo. Klabu inayomwita huku ikijua haina fedha ya mwezi wa tatu inamkopa mtu asiye na dhamana. Wafanyabiashara wa samaki na dagaa wanajua neno la kumwita mnunuzi wa namna hiyo.

Kwa hiyo timu ya kikapu inayofanya vibaya inaweza kumchukua mkongwe asiye na mkataba kama ina kocha, ina vijana wanaohudhuria mazoezi, ina fedha ya msimu mzima mkononi na inajua ni dakika 20 zipi inazinunua. Kama inakosa hata mawili kati ya hayo, fedha hiyo ianze na nauli na mipira. Mkongwe anaweza kusubiri hadi msimu ujao, na kama yuko huru kweli, mwakani hatakuwa ghali zaidi.